Aliyeuguzwa Akitaka Kuwa Muuguzi



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mwanamume mmoja wa jumuiya yetu hapa Kitengela alinivuta kando karibu na tangi la maji la kanisa. Alikuwa na fomu mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, nimepata wito. Nataka kwenda kusomea uuguzi." Nilifurahi, nikamshika mkono, nikamwambia kwamba Mungu hamtupi mja wake. Sikumuuliza mkewe anasemaje. Hilo lilikuwa kosa langu, nami nalikiri mbele yenu, kwa maana juma lile lile mkewe alikuja nyumbani kwetu jioni, akaketi na mama watoto wangu na mimi, akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo.

Alisema, "Mwalimu, mimi nimekuwa nesi wa mtu mmoja kwa miaka kumi na mmoja. Sikulipwa, sikupewa sare wala cheti, wala siku ya kupumzika sikupata. Sasa mgonjwa wangu amepata nafuu, na jambo la kwanza analotaka ni kuniachia watoto watatu aende akauguze watu asiowajua. Nanyi kanisani mnampongeza."

Sikuwa na jibu usiku ule. Nimelifikiri jambo hili miezi mingi, nikarudi kwao mara nyingi, na kwa ruhusa yao wote wawili nawaandikia habari zao. Majina nimeyaacha, na mambo machache nimeyageuza wasitambulike. Naamini nyumba nyingi zina swali hili, hata kama ugonjwa ni mwingine na kazi ni nyingine.

MIAKA KUMI NA MMOJA

Mume alikuwa fundi wa mawe. Ninyi mnaopita barabara ya Namanga mnajua jinsi mji wetu ulivyopanda juu upesi, nyumba juu ya nyumba, mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe. Mikono yake imo katika kuta nyingi za hapa. Alipokuwa na miaka ishirini na saba alianza kukonda, kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na kwenda haja ndogo usiku kucha. Hospitalini wakampima, wakasema ni kisukari, cha aina ile ambayo mwili hautengenezi insulini, hivyo mtu lazima ajidunge sindano kila siku ya maisha yake. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumiwa kwa mgonjwa wa kwanza kule Kanada, ugonjwa wa namna hii ulikuwa hukumu ya kifo. Leo mtu huweza kuishi nao mpaka uzee, lakini kuishi nao ni kazi, na mara nyingi kazi hiyo haifanywi na mgonjwa peke yake.

Mke alijifunza kupima sukari ya mumewe kabla ya chai ya asubuhi. Alijifunza kupima ugali. Alijifunza kuamka usiku akisikia shuka limelowa jasho, kwa kuwa sukari ikishuka mno mtu huanza kutetemeka na kunena ovyo, na asiposaidiwa huweza kuzimia na hata kufa. Basi aliamka, akampa chai yenye sukari nyingi akiwa bado anaweza kumeza, akakaa naye mpaka macho yake yatulie. Kulipokucha akawapeleka watoto shule.

Katika mwaka wa saba kukatokea kidonda. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa vizuri, huweza kuua fahamu za miguu. Siku moja fundi wetu alifanya kazi kutwa nzima akiwa na kokoto ndani ya gambuti, asiisikie. Jioni mkewe alipomvua soksi akaona damu. Kidonda kile kilikaa miaka miwili. Daktari mmoja alisema mguu ukatwe. Haukukatwa, kwa sababu mke alifundishwa na nesi wa kliniki jinsi ya kukisafisha na kukifunga, naye akafanya hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili bila kukosa. Cherehani yake, ambayo ndiyo iliyokuwa kazi yake, iliuzwa ili walipe bili ya wodi.

Ana daftari. Ndani yake ameandika sukari ya kila asubuhi na hali ya kidonda: kimekauka, kimetoa usaha, kimepungua. Mume alipotaka kuliambatanisha daftari hilo na fomu yake, aonyeshe kwamba anaujua ugonjwa, mke alilitwaa akasema, "Hili ni langu."

Ndugu zangu, ugomvi wao wote umo katika daftari hilo. Tulitazame pole pole.

MGONJWA ANAJUA KITU AMBACHO MZIMA HAJUI

Nianze na upande wa mume, maana hakuwa anadanganya. Kidonda kilipofunga, daktari alimkataza kurudi kwenye mjengo. Ilimpasa atafute kazi nyingine kwa vyovyote. Na katika zile siku nyingi za kliniki, kule Kitengela na kule Kajiado mjini, alikuwa ameanza kufanya jambo bila kutumwa. Aliketi na wagonjwa wapya waliokuwa wakilia kwa hofu ya sindano, akawaonyesha jinsi anavyojidunga mwenyewe. Aliwafundisha wazee kukagua nyayo zao kwa kioo kidogo kila usiku. Manesi walimwona, mmoja akamwambia, "Wewe ungefaa."

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyelala wodini miezi anajua mambo ambayo mzima huyapita bila kuyaona. Anajua aibu ya kuoshwa na mtu mgeni. Anajua kwamba saa tisa ya usiku ni ndefu kuliko mchana mzima. Anajua tofauti kati ya nesi anayekuita kwa jina lako na yule anayekuita kwa namba ya kitanda. Mtakatifu Paulo, anapoanza barua yake ya pili kwa Wakorinto, anafundisha kwamba Mungu hutufariji katika taabu zetu ili nasi tuweze kuwafariji wengine walio katika taabu. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso ya binadamu, alimweka mbele yetu Msamaria Mwema, akasema mateso yapo pia ili yaamshe upendo ndani ya mwanadamu.

Mfano ulio karibu zaidi na fundi wetu ni Mtakatifu Kamilo wa Lellis. Huyu alizaliwa Italia mwaka 1550. Alikuwa askari, mrefu, mkali, mcheza kamari. Alipata kidonda mguuni kilichomtesa miaka zaidi ya arobaini, mpaka kufa kwake mwaka 1614, na hakikupona kamwe. Alikwenda Roma katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo atibiwe, akawekwa pia kufanya kazi hapo kama mtumishi, lakini akafukuzwa kwa ugomvi na kamari. Baadaye kamari ilimmaliza hata akakosa chakula, akachukua kibarua cha ujenzi katika nyumba ya Wakapuchini. Hapo ndipo Mungu alipomgeuza, mwaka 1575. Alitaka kuwa mtawa wao, kidonda kikafunguka tena, wakamrudisha. Basi akarudi hospitali ile ile aliyofukuzwa, safari hii akiwa mgonjwa anayeuguza wagonjwa wenzake. Aliona wahudumu wa kulipwa wakiwaacha watu wafe peke yao, moyo wake ukamsukuma, akakusanya watu watakaowahudumia wagonjwa kama mama anavyomhudumia mtoto wake wa pekee aliye mgonjwa. Shirika lake lilivaa msalaba mwekundu kifuani tangu mwaka 1586, karibu miaka mia tatu kabla ya chama cha Msalaba Mwekundu kuanzishwa. Leo yeye ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, na huku kwetu Kenya kuna hospitali yenye jina lake huko Karungu, Kaunti ya Migori.

Hivyo hatuwezi kusema mgonjwa hafai kuuguza. Nchi yetu ilipata kukosea katika hilo. Wengi mnamfahamu Mama Asunta Wagura. Katika miaka ya mwisho ya 1980 alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, akapimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaondolewa masomoni, akaambiwa hana maisha marefu. Aliishi. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha chama cha KENWA, cha akina mama wanaoishi na virusi, akawauguza na kuwatia moyo wengi wasiohesabika. Sheria ya mwaka 2006 imekataza mtu kunyimwa masomo au kazi kwa sababu ya virusi hivyo. Mlango uliofungwa mbele ya msichana yule haukuzuia huruma yake, ila uliwanyima wagonjwa nesi mmoja mwema.

LAKINI KUUGUA SI KUSOMA

Hata hivyo nilimwambia mume jambo moja wazi. Kuwa umeugua ni mwanzo, haitoshi. Aliyepona kwa njia moja huelekea kudhani kila mgonjwa atapona kwa njia hiyo. Atamkemea mwenzake anayeogopa sindano kwa kuwa yeye aliizoea. Atasikiliza kilio cha mwingine huku akingojea nafasi ya kusimulia chake. Mgonjwa aliye kitandani hana haja ya historia yako. Ana haja ya mikono inayojua kazi.

Kamilo mwenyewe, alipotaka upadre, aliketi darasani akiwa na miaka zaidi ya thelathini pamoja na vijana wadogo, akajifunza Kilatini, wakamcheka. Alikubali kuwa mjinga kwanza. Fundi wetu naye, mwenye miaka thelathini na minane, atakaa dawati moja na vijana waliotoka kidato cha nne juzi. Je, yuko tayari kusahihishwa na mwalimu aliye mdogo kuliko yeye, hata juu ya kisukari?

KAMILO HAKUWA NA MKE

Sasa nafika kwenye kiini cha jambo. Nilipomaliza kumsimulia yule mama habari za Mtakatifu Kamilo, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyo Kamilo, kidonda chake nani alikuwa akikifunga?"

Nilishikwa. Sikuwa nimewahi kuliwaza swali hilo. Kamilo hakuwa na mke wala watoto. Alipotoa maisha yake, alitoa kilichokuwa chake peke yake. Mtu aliyeoa hana kitu cha namna hiyo. Siku ya arusi tuliahidiana kutoachana, tuwe wazima au wagonjwa, na Paulo anatukumbusha kwamba hata mwili wa mume si mali yake mwenyewe bali ni wa mkewe pia, na wa mke vivyo hivyo. Ikiwa hata mwili wangu si wangu peke yangu, miaka yangu mitatu ijayo itakuwaje yangu peke yangu?

Basi mume aliposema "nimepata wito", alisema nusu ya ukweli. Wito ukiingia katika nyumba ya ndoa hubisha hodi kwa wawili. Mmoja anaweza kuusikia kwanza, kama Yosefu alivyosikia katika ndoto, lakini wote wawili ndio watakaofunga mizigo na kwenda Misri. Mume akienda kusoma, mke atakuwa baba na mama. Mume akifanya zamu ya usiku, mke atalala peke yake. Mtu hapaswi kutoa sadaka ya kitu cha mwenzake bila kumwuliza, hata kama sadaka yenyewe ni njema.

ALIYETOA ASIDAI, ALIYEPOKEA ASISAHAU

Je, hii ina maana kwamba mke ana haki ya kukataa kwa sababu alimuuguza? Hapa nilijadiliana naye kwa muda mrefu, na yeye ndiye aliyenifundisha zaidi.

Kwanza alikuwa akisema kama mtu mwenye deni la kudai. "Nilimpa miaka kumi na mmoja. Anilipe." Nilimwelewa. Lakini nilimwuliza kama usiku ule wa jasho na chai ya sukari alikuwa akiandika bili. Akasema hapana, alikuwa akiogopa kumpoteza. Basi nikamwambia, Mama, kama ulitoa kwa upendo, usikubali uchungu wa leo uugeuze upendo wa jana kuwa mkopo. Ukimwambia "baki, kwa kuwa nilikuosha kidonda", utakuwa umemfunga kwa bandeji ile ile uliyomtibu nayo. Mume anayebaki nyumbani kwa sababu ya deni hukaa kama mfungwa, na kila siku huhesabu imebaki mingapi.

Lakini upande wa pili wa mizani ni mzito vile vile. Aliyetoa hapaswi kudai, na kwa sababu hiyo hiyo aliyepokea hapaswi kusahau. Maana kama mtoaji hadai, ni nani atakayemtetea? Ni aliyepokea peke yake. Mtu anayengojea adaiwe ndipo ashukuru hajashukuru, amelipa tu. Na mtu anayepokea huruma nyumbani akakimbilia kuigawa nje, huku aliyempa ameketi gizani amechoka, hata kama wagonjwa mia watambariki, nyumbani ametenda fadhila ya punda.

Hili ndilo nililomwambia mume. "Wewe unasema wodini ulijifunza huruma. Nadhani umekosea mahali. Wodini ulikaa majuma machache kila mara. Huruma ulijifunza kitandani pako, kwa mwanamke aliyeamka alipokuwa amechoka. Yeye ndiye mwalimu wako wa kwanza wa uuguzi. Na daftari ulilotaka kulipeleka kama ushahidi wako ni ushahidi wake."

Alilia, jambo ambalo wanaume wa huku kwetu hatulifanyi mbele ya watu. Akasema, "Mwalimu, nilidhani nikiwa nesi ndiyo itakuwa namna ya kumshukuru." Nadhani alisema kweli. Wengi wetu tuna ugonjwa huo. Tunapenda kushukuru kwa mambo makubwa yatakayokuja, na kuwaacha wenzetu wangoje.

Niliwahi kumwuliza mke, kwa kuwa ujuzi ulikuwa wake, kwa nini asiende yeye kusomea kazi hiyo. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo. "Mimi? Sina hamu ya kuona kidonda kingine maishani. Mimi nataka cherehani yangu."

MAMBO YA KUHESABU PAMOJA

Bwana wetu alisema mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Kwa wanandoa, nasema waketi wawili. Haya ndiyo waliyoyahesabu, na yeyote mwenye wazo kama hilo ayaangalie.

Kwanza, masomo yenyewe. Diploma ya uuguzi katika chuo cha serikali, yaani KMTC, huchukua miaka mitatu hivi, na huhitaji wastani wa C katika KCSE pamoja na alama zinazotakiwa katika lugha na sayansi. Baada ya hapo kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kupewa leseni. Chuo hicho kina tawi Loitokitok, katika kaunti yetu hii hii ya Kajiado, lakini msidanganywe na jina la kaunti. Kutoka Kitengela mtu huenda Mombasa Road mpaka Emali, kisha huteremka kuelekea Kilimanjaro. Si mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Baba atalala huko.

Pili, mwili. Kazi ya nesi ni ya kusimama, na zamu ya usiku huvuruga saa za kula. Kwa mwenye kisukari na mguu uliowahi kuoza, hilo si jambo dogo. Mume alitakiwa kumwuliza daktari wake, mkewe akiwepo na kusikia kwa masikio yake. Daktari aliruhusu, kwa masharti ya viatu, ya chakula, na ya kuwaeleza walimu wake ugonjwa wake wazi. Mgonjwa anayeficha ugonjwa wake ili aonekane shujaa atawahatarisha wale aliotaka kuwasaidia.

Tatu, kazi baada ya masomo. Zamani nesi alimaliza chuo akapangiwa kituo. Leo sivyo. Tangu hospitali nyingi zilipowekwa chini ya kaunti mwaka 2013, wengi huajiriwa kwa mkataba, na wengine hukaa na vyeti nyumbani. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulidumu miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba. Mke wa nesi sharti ajue kwamba mshahara huweza kukatika.

Nne, kwenda ng'ambo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Wengi wamekwenda, na ndoa nyingine zimebaki kwenye simu. Niliwaambia waseme leo, kabla ya kitabu cha kwanza kununuliwa, kama mlango huo watauacha wazi au watauheshimu kama umefungwa. Jambo likiachwa mpaka barua ifike, barua ndiyo itakayoamua.

WALIVYOFANYA

Hawakufanya nilivyotazamia. Mume hakwenda mwaka ule. Alipata kazi ya kuandika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, kazi ya kukaa. Kwa mshahara wa miezi kadhaa, kabla ya kuweka hata shilingi ya karo, alinunua cherehani. Aliileta kwa pikipiki, akaiweka mezani, akasema tu, "Mama watoto, hii ilikuwa yako." Mke aliniambia baadaye kwamba hakuhitaji hotuba.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kwa mume. Mwaka ule wote alijifunza kujiuguza. Alianza kupima sukari yake mwenyewe na kuiandika, kukagua miguu yake, na kuweka karibu na kitanda kitu cha sukari cha kumeza upesi. Mke alikuwa amesema, "Kabla hujaenda kuwa nesi wa watu, kuwa nesi wako, mimi nilale." Nadhani hilo ni neno la hekima kwa wagonjwa wote wa muda mrefu. Kufanya lile unaloweza kujifanyia ni shukrani pia.

Septemba iliyofuata mke mwenyewe alimsindikiza mpaka kituo cha magari, akabeba begi dogo. Ndani ya begi kulikuwa na daftari. Nilimwuliza kwa nini amempa. Akasema, "Sasa hakuniomba."

Sitawaficha kwamba mambo hayajawa mepesi. Karo inawabana. Kuna usiku mke hupiga simu Loitokitok akiwa amechoka na watoto, na husema maneno ambayo asubuhi huyajutia. Mume naye amewahi kuanguka darasani sukari iliposhuka. Sijui kama atapata kazi akimaliza. Lakini nawaona wanapokutana likizo, na naona kwamba hakuna kati yao anayejiona ameibiwa.

Wanandoa wapendwa, huenda nyumbani kwenu hakuna kisukari wala fomu ya chuo. Lakini karibu kila nyumba ina mmoja aliyembeba mwenzake katika msimu fulani: wakati wa kukosa kazi, wa uzazi mgumu, wa msiba, wa ulevi ulioachwa kwa taabu. Kisha aliyebebwa husimama, hupata nguvu, huona dunia mpya mbele yake na kutaka kukimbia. Hiyo si dhambi. Mungu hutuponya ili tutembee. Ila kabla hujapiga hatua ya kwanza, geuka umtazame aliyekubeba, kwa maana mgongo wake bado unauma. Nawe uliyebeba, ukiona anageuka kukutazama, mwachie aende.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

Jioni moja juma hili, watoto wakiisha kulala, zimeni redio na simu, mwulizane haya bila haraka:

1. Ni wakati gani mwenzangu alinibeba, nami sijamshukuru kwa tendo linaloonekana?

2. Je, kuna wema niliomtendea mwenzangu ambao sasa naushika kama hati ya deni?

3. Ni kitu gani mwenzangu alikiacha au kukiuza kwa ajili yangu? Je, tunaweza kukirudisha, hata kwa sehemu?

4. Wazo langu la kubadili kazi au kurudi shule, nimemwambia nani kwanza?

5. Katika ugonjwa au udhaifu wangu, ni jambo gani ninaloweza kuanza kujifanyia ili mwenzangu apumzike?

Mwenyezi Mungu, aliye mganga wa kweli, awabariki wanaougua na wanaouguza katika nyumba zenu.